Simu Zote Zinazimwa

Kibanda changu kiko senta ya Mugoma, mkono wa kulia ukitokea kanisani, na juu ya meza nimebandika kipande cha boksi nilichokiandika mwenyewe kwa kalamu nene: SIMU ZOTE ZINAZIMWA. Watu hucheka. Wanasema fundi Anatoli ana roho ya askari magereza. Basi wacheke, maana hawajui ilivyoanza.

Ilianza na Juvenali, muuza ndizi. Mwaka juzi alileta simu kuchaji, akaenda zake. Simu ikaita mara nne, nami kwa kiherehere changu nikapokea. Mwanamke akauliza Juvenali yuko wapi. Nikamjibu kwa upole kabisa kwamba nimemwona sasa hivi akipita na mkewe kuelekea gulioni. Yule mwanamke akasema, "Mkewe ni mimi, na niko shambani." Kesi ile ilifika mpaka kwa katekista, na mimi nikaitwa kuwa shahidi. Tangu siku hiyo nikaapa: simu ikiingia kwangu naibandika plasta yenye namba, naizima, nachomeka waya. Mwenyewe akirudi ndipo naiwasha mbele ya macho yake. Isitoshe, simu iliyozimwa hujaa haraka, na umeme wetu si wa kuutegemea.

Sheria nzuri, na imeniepusha na mengi. Lakini ndiyo iliyonifikisha hapa, kwa hiyo niseme tu, maana nikizungukazunguka nitamaliza karatasi bila kulisema.

Kule bondeni, ng'ambo ya kijito ambako nguzo za umeme hazijashuka, anakaa Mama Irambona. Jina lake ni Speciose. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa amebebwa mgongoni, na amezeekea hapa hapa akilima maharage na kahawa. Kusoma hajui, na kwa lafudhi ya kwao l huitamka r. Kila Ijumaa alipanda mlima na simu yake ndogo ya vitufe ameifunga kwenye pindo la kitenge, akaniachia asubuhi, akaichukua jioni. Kama kulikuwa na meseji, mimi ndiye niliyemsomea. Nilimsomea za kanisani, za chama cha ushirika, na za mwanawe, ambazo zilikuwa fupi na siku zote ziliishia kwa maneno yale yale: mama kula vizuri.

Huyo mwanawe ndiye Irambona, mtoto wake wa pekee. Kijana wa miaka ishirini na sita, mchekeshaji, mrefu mpaka akiingia kibandani kwangu huinama. Alikwenda kuchimba dhahabu kwenye machimbo ya upande wa Biharamulo, pamoja na mume wa jirani yao Clarisse. Mwezi wa tatu, Jumapili moja mvua ikiwa imenyesha siku tatu, kifusi kilimwangukia kifuani. Akatolewa akiwa hai, akalazwa huko huko Biharamulo. Mama yake alipanga kwenda Jumamosi inayofuata. Goti lake ni bovu, hawezi safari peke yake, na kaka yake Gaspari wa kumsindikiza alisema hawezi kutoka Kanazi kabla ya hapo.

Ijumaa akaja na simu yake kama kawaida. Ilikuwa imekata chaji kabisa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu Anatori. Umerara sarama?"

"Salama mama. Mgonjwa je?"

"Jana usiku tumeongea kidogo, harafu simu ikafa. Anapumua kwa shida." Akaiweka mezani, akaishikilia kwanza. "Leo usiizime. Mwanangu atapiga. Akipiga pokea wewe, umwambie kesho nakuja. Mimi namariza kupariria upesi, narudi."

"Usiwe na wasiwasi mama. Hii ya kwako siizimi."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaniachia, akateremka.

Sasa sikiliza mkono wa mtu ulivyo mjinga. Nilichukua plasta, nikaandika namba kumi na nne, nikabandika, nikabonyeza kitufe chekundu mpaka kioo kikawa cheusi, nikachomeka waya. Yote hayo nikiwa namsikiliza Ansbert, mchuuzi wa vyuma chakavu kutoka Nyakisasa, akinisimulia habari za mbuzi wake aliyeibwa. Sikukusudia. Siku mia tano nilikuwa nazima simu, mkono ukazima na hiyo. Siku nzima simu namba kumi na nne ikalala pale nusu mita kutoka kwenye magoti yangu, na mimi nikachomelea redio za watu nikipiga mluzi.

Mama Irambona alirudi saa kumi, udongo bado uko miguuni. Nilipoivuta simu na kuona kioo cheusi ndipo nilipokumbuka. Nikaiwasha huku nimempa mgongo, na meseji zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, ikilia tii, tii, tii. Zile za mtandao za kumwarifu mtu kwamba alipigiwa akiwa hapatikani. Tisa, zote za Irambona. Na ya kumi alikuwa ameiandika mwenyewe.

"Ni nani hao?" akauliza.

"Mtandao tu, mama. Matangazo yao."

Niliona aibu. Ni hiyo tu, aibu ya kumwambia mtu mzima kwamba nilimwahidi na sikutimiza. Nikajipa moyo kwamba nitampigia mgonjwa sasa hivi, wataongea, na kosa langu litajifia lenyewe bila mtu kulijua. Nikapiga. Ikaita muda mrefu. Aliyepokea ni mume wa Clarisse, naye alikuwa analia. Irambona alikuwa amefariki saa tisa kasoro.

Sitasimulia alivyopiga kelele yule mama. Watu walitoka kanisani na gengeni wakaja kumshika. Mimi nilibaki na simu yake mkononi, na wakati wamemkalisha chini wanampepea, nikafungua zile meseji moja moja na kuzifuta. Zote kumi. Hata leo sijui ni pepo gani alinituma kidole. Najua tu kwamba nilizisoma kwanza, na kila moja imenikaa kichwani mpaka kesho.

Tulimzika Jumapili. Na siku ya kuondoa matanga, kama ilivyo desturi yetu, Gaspari alisimama katikati ya ua, pombe ya ndizi ikiwa mbele yake, akauliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, au mwenye kitu chake, aseme sasa, marehemu apumzike. Mtu mmoja akasimama na pampu ya baiskeli. Alisema aliiazima Krismasi na hakuwahi kuirudisha. Watu wakatabasamu kidogo, Gaspari akaipokea kwa mikono miwili. Akauliza mara ya pili. Mama Irambona alikuwa amekaa mkekani karibu na Clarisse, na alikuwa ananitazama mimi. Nikadhani ni bahati mbaya tu macho yetu kukutana. Nikainamisha kichwa, nikanywa. Gaspari akauliza mara ya tatu, hakuna aliyesema, wakafunga matanga.

Nilidhani hatakuja tena. Nani angempigia? Lakini Ijumaa iliyofuata alikuja, simu kwenye pindo la kitenge.

"Usiizime, fundi," akasema.

Sikuizima. Ilikaa imewaka siku nzima na haikulia hata mara moja. Jioni alipoichukua akauliza, "Hakuna meseji?"

"Hakuna, mama."

"Haya."

Ijumaa nyingine ikawa vile vile. Na nyingine. "Hakuna meseji?" Hakuna, mama. "Haya." Akasimama kidogo akitazama meza, kisha akafunga pindo na kuteremka na goti lake. Nikaanza kuichukia Ijumaa. Alhamisi usingizi ulikuwa hauji. Nikamwambia padri kwenye kitubio kwamba nimesema uongo, bila kusema uongo gani, akanipa sala tatu nikazisali, na Ijumaa ikafika tena.

Ndipo nikapata wazo la kumtengenezea chaja ya kwake. Chaja ya kubeba, ya kujaa kwa jua, akae nayo bondeni, asipande mlima tena. Watu waliosikia walinisifu sana. Fundi ana utu, walisema, anamhurumia mama wa watu. Mimi sitajisifu: nilitaka asije. Nilitaka kuishi Ijumaa moja bila swali lile.

Ansbert aliniletea betri ya kompyuta mpakato iliyokufa. Watu hudhani betri ikifa imekufa yote, kumbe ndani kuna vijibetri sita vilivyopangana, kila kimoja kama kidole gumba cha mtu mkubwa, na mara nyingi vinavyokufa ni kimoja au viwili, vinawaangusha wenzao. Nilipasua ganda kwa bisibisi polepole, maana ukichoma kijibetri kile kinawaka moto. Nikapima kwa mita. Viwili vilikuwa chini kabisa, nikaviweka kando. Vinne bado vilikuwa na uhai. Nikavichaji kimoja kimoja juu ya bati, ndoo ya mchanga iko karibu, nikivigusa kila robo saa. Cha tatu kikaanza kupata moto kiasi kwamba kidole hakikai. Nikakitupa mchangani nikakifunika. Vikabaki vitatu.

Vile vitatu nikaviunga ubavu kwa ubavu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa vile vibati vyembamba nilivyovibandua kwenye betri yenyewe. Risasi ya kuungia nilichomelea haraka haraka, gusa na toa, kijibetri kisipate joto. Kwenye pawabenki mbovu ya mwalimu mmoja nilichomoa kile kibao cha saketi chenye tundu la waya. Kilikuwa kizima, kilichokufa ni betri yake. Kwenye taa ya sola iliyokanyagwa na ng'ombe nikapata kipaneli kidogo, kona moja imepasuka. Ganda sikuwa nalo, nikatumia kopo la mafuta ya kujipaka, nikatoboa matundu mawili kwa msumari wa moto, nikajaza vipande vya kandambili ndani ili vitu visichezecheze.

Nilifanya kazi ile majuma matatu, mchana, wateja wakingoja. Sijawahi kutengeneza kitu kwa uangalifu namna ile. Kila muungo niliukagua mara mbili. Na kila nilipoinama na chuma cha moto, maneno ya ile meseji ya kumi yalinijia, nikasimama nje kidogo kuvuta hewa. Siku nilipochomeka simu yangu nikaona alama ya betri inapanda, nilikaa kwenye stuli nikalia. Jirani yangu, fundi wa cherehani, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia moshi wa risasi.

Ijumaa ya juzi Mama Irambona alikuja asubuhi. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamwonyesha. Hiki unaanika juani, kama unavyoanika maharage, waya unachomeka hapa, haka kataa kekundu kakiwaka maana yake chaji inaingia. Ukipata shida mwite Clarisse. Huna haja ya kupanda tena mlima, mama. Goti lako litapona.

Alilishika kopo, akaligeuza. Alipitisha kidole pale nilipopiga gundi.

"Umetengeneza wewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Kazi nzuri." Akaliweka mapajani. "Kwa hiyo nisije tena."

"Upumzike, mama."

Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Anatori, mwanangu arinipigia mara ngapi siku ire?"

Nilishika ukingo wa meza.

"Irambona arimpata Clarisse saa sita," akaendelea. "Clarisse arikuwa mbari, kwao Kanazi, hakuweza kunifikia. Mwanangu akamwambia, simu ya mama imezimwa, iko kwa fundi, nimepiga sana. Akasema, nitapiga tena, fundi ataiwasha. Clarisse ariniambia siku ya mazishi."

"Siku ya mazishi," nikasema. "Ulijua tangu siku ya mazishi."

"Nirijua amepiga. Sijui amepiga mara ngapi. Sijui arisema nini. Mimi sisomi, fundi, unajua. Gaspari ameuriza kwenye matanga, mimi nimeuriza Ijumaa kumi na moja. Hakuna meseji? Unasema hakuna."

Kumbe alikuwa hanisumbui kwa uchungu wa mazoea kama nilivyodhani. Alikuwa ananipa nafasi. Mara kumi na moja alipanda mlima ule na goti bovu kunipa nafasi, na mimi nikakaa majuma matatu nikitengeneza kitu cha kumzuia asije. Nilitaka ardhi inimeze. Nikapiga magoti pale pale kwenye vipande vya waya, watu wanapita barabarani wanatazama.

"Niliizima, mama. Nilisahau, mkono uliizima. Halafu nikakudanganya, halafu nikazifuta."

"Najua. Mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Tisa," akasema, na uso wake ukabadilika. Sijui nisemeje. Kama mtu aliyepewa kitu kizito akiwa hajajiandaa. "Saa ngapi?"

Nikamtajia. Saa nne na dakika arobaini na mbili. Saa nne na arobaini na tano. Saa nne na hamsini. Kisha kimya mpaka saa tano na kumi. Saa tano na nusu. Saa sita na dakika nane, hiyo lazima ilikuwa kabla tu ya kumpata Clarisse. Saa saba kamili. Saa saba na dakika ishirini na tano. Na ya mwisho, saa nane na dakika sita. Aliinama akihesabu kwa vidole, na kila saa alisema alikuwa wapi: hapo nilikuwa mstari wa kwanza wa maharage, hapo nilikuwa nakunywa maji, hapo nilikuwa nimekaa tu, fundi, nilikuwa nimekaa tu chini ya mgomba.

"Harafu?"

"Halafu akaandika meseji. Saa nane na dakika tisa."

"Isome."

"Niliifuta, mama."

"Isome hivyo hivyo. Wewe umeisoma, iko kwako."

Nikafumba macho nikamsomea, maana kweli iko kwangu. "Fundi Anatoli shikamoo. Najua simu ya mama iko kwako. Ukiiwasha usimtishe, mwambie nimempigia kumsalimia tu. Mwambie asije na goti lile, mimi nitakuja. Mama kula vizuri."

Alilia bila sauti, kitambaa kimeziba mdomo. Mimi nililia kwa sauti, sina haya ya kusema. Fundi wa cherehani alisimamisha mashine yake. Mama Irambona hakuniambia ninyanyuke, wala hakuniambia amenisamehe, na sikuomba, kwa kuwa sikuona ningeanzia wapi.

"Umenisomea meseji miaka yote," akasema mwishowe. "Hii moja ndiyo niriyoihitaji."

"Ndiyo, mama."

"Niandikie. Na zire saa zote."

"Utasomewa na nani?"

"Na wewe. Kira Ijumaa."

Nikang'oa karatasi kwenye daftari la kazi, nikaandika yote, neno kwa neno. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo, mahali alipokuwa akifungia simu. Kisha akalichukua lile kopo, akalirudisha mezani taratibu, asije akalibomoa.

"Hiri mpe Clarisse. Mume wake bado anachimba. Yeye ndiye simu yake isizimike."

Simu yake akaiweka mbele yangu. Nikaitazama, nikamtazama yeye. Nilikata plasta nikaandika namba, na kwa sababu safari hii nilikuwa makini kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nikamhakikishia: "Naiacha imewaka, mama. Naapa."

Alikuwa ameshasimama, anajikanda goti.

"Izime tu, Anatori," akasema. "Wa kunipigia arishapiga."

Nikaizima, nikachomeka waya, naye akashika njia ya kuteremka bondeni.